Mkanda mpya, kelele ileile: mwongozo kamili wa kubadilisha mkanda wa injini na tenshona (kikaza mkanda) mwenyewe

"Nimebadilisha fanbelti juzi tu, na asubuhi bado inalia." Huu ndio ujumbe ninaoupata kuliko wowote mwingine, hasa Nakuru ikiingia msimu wa mvua. Msomaji mmoja wa Njoro alifunga mikanda mitatu kwa miezi minne. Wa tatu ulimkatikia kwenye mpando wa baada ya Salgaa, gari limejaa magunia ya karoti. Aliponiletea gari, tulikuta mikanda yote haikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa puli ndogo ya mpito, ile ya kuuelekeza mkanda tu, yenye beringi iliyokauka, na hakuna mtu aliyekuwa ameigusa.

Wengi hufeli hapo. Kuutoa mkanda na kuuvalisha mwingine si kazi kubwa. Taabu huja mtu anapouchukulia mkanda kama mshitakiwa wakati ni shahidi. Anamtupa shahidi jalalani kabla hajatoa ushahidi, halafu analeta mpya uje uteswe vilevile. Kwa hiyo katika mwongozo huu tutakaa zaidi kwenye kukagua na kukaza, na tutapita haraka kwenye kufungua.

Kwanza, tunazungumzia mkanda upi?

Ni ule wa nje, wenye mifereji ya urefu upande mmoja. Puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini) huuvuta, nao huzungusha alteneta inayochaji betri, kompresa ya kiyoyozi, kwa gari nyingi pampu ya maji, na kwa zile zenye usukani wa oili, pampu ya pawa steringi. Ukikatika njiani, taa ya betri huwaka na usukani wa oili huwa mzito ghafla. Kama pampu ya maji inaendeshwa na mkanda huo, geji ya joto itapanda ndani ya dakika chache. Hapo unaegesha na kuzima. Usijidanganye kwamba utafika mbele kidogo.

Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vipande vya ndani ya injini, ni kitu kingine kabisa. Umefichwa nyuma ya vifuniko, na ukiukosea jino moja unaweza kuharibu injini. Subaru za injini ya EJ wanao, na Prado na Hiace za 1KD pia. Toyota za 1NZ, 1ZZ na 2ZR hutumia cheni. Ukijikuta unafungua kifuniko kikubwa mbele ya injini ili ufike kwenye mkanda, umepita kituo chako. Rudisha boliti.

Wenye Aqua na Prius ya kizazi cha tatu, nyinyi mnaweza kwenda kunywa chai. Injini zenu hazina mkanda huu.

Vya kuandaa kabla ya kufungua boneti

- Spana na soketi za 10, 12, 14, 17, 19 na 21, pamoja na mpini mrefu wa soketi
- Jeki, stendi mbili za jeki, na jiwe au kipande cha mbao cha kuzuia magurudumu ya nyuma
- Bisibisi bapa na koleo, kwa ajili ya vibanio vya plastiki
- Tochi ya kufunga kichwani
- Brashi ya waya laini au mswaki wa zamani, na vitambaa vikavu
- Rula ya chuma ya sentimita 30
- Mizani ya ndoano, ile ndogo ya kuning'iniza ambayo wauza viazi hutumia
- Chupa ya kunyunyizia yenye maji safi
- Kipimo cha volti
- Simu ya kupigia picha
- Mkanda mpya. Na tenshona au puli ya mpito, ukishajua kama unaihitaji

Mizani ya ndoano huwashangaza watu. Vumilia, tutaifikia.

Kununua mkanda bila kubahatisha

Ukifika dukani utaulizwa, "Gari gani, boss?" Ukijibu "Fielder" utaletewa mkanda na kuambiwa, "Huu unaingia tu." Kuingia tu si kipimo. Fielder zimekuja na injini tofauti, na hata injini ileile mkanda hubadilika kulingana na vinavyozungushwa. Peleka namba ya chasisi na jina la injini, na ikiwezekana namba ya Toyota yenyewe. Mikanda yao mingi ya mifereji namba yake huanza na 90916.

Mgongoni mwa mkanda utaona maandishi kama 6PK1230. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya migongo inayoingia kwenye mifereji ya puli, PK ni aina, na zinazofuata ni urefu kwa milimita. Mkanda wa migongo mitano kwenye puli ya mifereji sita utazunguka, lakini mzigo wote utabebwa na mpira pungufu.

Usitegemee namba ya mkanda wa zamani peke yake. Gari nyingi zetu zimepita mikononi mwa watu wanne au watano, na huenda aliyekutangulia alifunga uliokuwepo siku hiyo. Linganisha na kitabu cha gari.

Dukani papohapo, sugua maandishi kwa kidole kilicholowa. Yakifutika, rudisha. Ukunje kwa mkono uangalie kati ya migongo: iwe sawa yote, bila viputo wala nyuzi zilizochungulia. Mimi hununua Bando, Mitsuboshi au Gates kwenye duka ambalo litanipa risiti yenye jina lake. Asiyetaka kuandika risiti ana sababu yake.

Hatua ya 1: Sikiliza gari kabla ya kuligusa

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi na kelele ipo. Washa, fungua boneti, simama kando. Mikono ya shati ikunjwe. Leso, tai, kamba za kofia na nywele ndefu zifungwe mbali.

Nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, ukiwa mbali na puli.

Kelele ikinyamaza kisha ikarudi maji yakikauka, mashaka ni puli zisizo kwenye mstari mmoja. Kelele hii huwa fupifupi, kama kifaranga. Ikizidi pale maji yanapogusa, mkanda unateleza: umelegea au tenshona imechoka. Hii huwa mlio mrefu wa kuchoma masikio, ule unaoamsha ploti nzima. Na kama maji hayabadilishi chochote na unasikia mngurumo mkavu, kama mawe kwenye kopo, hiyo ni beringi.

*Umefaulu ukiwa* na jibu moja kati ya hayo matatu, umeliandika. Usiseme utalikumbuka.

Neno moja kuhusu sabuni. Wapo wanaosugua mkanda kwa kipande cha sabuni, na wapo wanaopulizia dawa za kunyamazisha. Vyote vinafanya kazi, kwa siku mbili. Baada ya hapo vumbi linaganda kwenye ile sabuni na kuwa msasa. Na vumbi ndilo tusilokosa hapa. Mji wenyewe, Nakuru, jina lake linatokana na neno la Kimaasai la vumbi.

Hatua ya 2: Piga picha ya njia ya mkanda

Zima, toa ufunguo. Gari la kubonyeza kitufe, ufunguo uuache ndani ya nyumba. Subiri injini ipoe kabisa, maana feni ya umeme ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa ya moto hata gari likiwa limezimwa.

Piga picha kutoka juu, kisha pembeni. Halafu chora mwenyewe kwenye karatasi: duara kwa kila puli na mstari wa mkanda, ukionyesha wapi upande wa mifereji unagusa na wapi mgongo laini unagusa. Picha peke yake hudanganya, kwa sababu puli ya chini haionekani vizuri. Ukichora unalazimika kuielewa njia.

*Umefaulu ukiwa* unaweza kuifuata njia yote kwa kidole kwenye karatasi bila kutazama gari.

Hatua ya 3: Betri, jeki, gurudumu

Fungua tamino hasi ya betri kwanza, na uifunike kwa kitambaa. Nyuma ya alteneta kuna waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Kwenye Toyota ndogo zilizolalisha injini kwa upana, mikanda iko upande wa kulia. Ukitazama video za Marekani utasikia wakisema upande wa abiria. Kwetu huo ni upande wa dereva. Msomaji mmoja wa Kisumu aliniandikia kwamba alitoa gurudumu la kushoto, akakaa nusu saa akitafuta mkanda kwenye giaboksi.

Egesha pa tambarare penye ardhi ngumu, zuia magurudumu ya nyuma, legeza nati za gurudumu gari likiwa chini, kisha inua na uweke stendi. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Matofali yasichukue nafasi ya stendi, hasa yale ya kuchimbwa ambayo hupasuka bila kuaga. Kama huna stendi, azima. Kama huwezi kuazima, kazi isubiri.

Toa gurudumu, kisha plastiki ya ndani ya matigadi. Sasa puli ya krenki unaiona uso kwa uso.

Hatua ya 4: Legeza na utoe

Hapa gari hugawanyika makundi mawili, na lazima ujue lako.

*Linalokazwa kwa mkono.* Ndivyo zilivyo Probox, Fielder na Vitz nyingi za 1NZ. Alteneta imeshikwa na boliti mbili: moja ndefu ambayo ni mhimili wake, nyingine iko kwenye tundu refu lililopinda. Mara nyingi ni za 14 na 12. Legeza zote mbili, usizitoe. Sukuma alteneta kuelekea injini na mkanda utalegea. Ikigoma, pulizia dawa ya kutu, subiri robo saa, ujaribu tena. Kuna gari zenye boliti ya tatu ya kuvutia, au puli ya mpito yenye nati katikati na boliti ya kuisogeza. Hapo unalegeza nati ya katikati kwanza ndipo uigeuze boliti. Ukienda kinyume utang'oa meno yake.

*Lenye tenshona ya kujikaza yenyewe.* Hapa kuna mkono wenye puli unaosukumwa na springi au na silinda ndogo ya oili. Kwa 1ZZ, kama ile ya Wish na Allion za 1800, unaweka soketi ya 19 kwenye kichwa cha tenshona na kuugeuza mpini mwelekeo wa saa, taratibu. Mkono utasogea, mkanda utalegea, utautoa kwenye puli iliyo rahisi kufikia. Rudisha mpini polepole. Ukiuachia, springi itaupiga, nao utapiga vidole vyako.

Gari lako lisipokuwa kati ya haya, angalia mwelekeo kabla ya kutia nguvu: unageuza upande unaoondoa puli kwenye mkanda. Kichwa kisipotaka kusogea kabisa, simama. Huenda umeshika boliti ya puli badala ya kichwa cha mkono.

Hatua ya 5: Soma mkanda wa zamani

Sasa keti. Usiutupe. Uweke mapajani kwenye mwanga wa jua na uupitishe mkononi pole pole, sentimita kwa sentimita.

*Ukingo mmoja umelika, nyuzi zinaning'inia kama ncha za mkeka.* Kuna puli imekaa pembeni au inayumba. Mkanda mpya utaliwa vivyo hivyo.

*Migongo inang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi.* Ulikuwa unateleza. Tazama mkazo, na uangalie kama kuna puli nzito kuzunguka.

*Umevimba, laini, unanata.* Umekunywa oili au dizeli. Tafuta uvujaji. Na jiulize ni nani anayekuoshea gari, kwa sababu kuna sehemu injini hupuliziwa dizeli ili ing'ae. Inang'aa kweli, na mpira wote uliomo unaanza kuoza.

*Nyufa za kukata upana.* Huu ni uzee wa kawaida kwa mikanda ya mpira wa zamani. Lakini mikanda ya siku hizi ya EPDM (aina mpya ya mpira) haipasuki kwa urahisi. Hulika kama tairi. Hivyo mkanda usio na ufa hata mmoja unaweza kuwa umekwisha. Linganisha na mpya: kama mabonde kati ya migongo yamekuwa mapana, mkanda unazama mpaka chini ya mfereji wa puli na hauna tena pa kushikia.

*Vipande vya migongo vimetoka.* Kuna changarawe ilikwama kwenye puli, au mfereji una jeraha.

Mkanda wa yule wa Njoro ulikuwa na ukingo wa nyuma umelika, kwa urefu wote, na unga mweusi. Miezi minne mikanda yake ilikuwa inasema jambo moja.

*Umefaulu ukiwa* unaweza kusema kwa sentensi moja huu mkanda ulikufa kwa nini, na sentensi hiyo inakubaliana na uliyoandika kwenye hatua ya 1. Zikipingana, usiendelee. Rudia.

Hatua ya 6: Kagua kila puli

Mkanda ukiwa nje, kila puli iko huru na itakwambia ukweli. Nafasi hii huipati gari likiwa zima.

Zungusha moja moja kwa kidole, sikio likiwa karibu. Puli ya mpito na ya tenshona zizunguke kimya, na uhisi kizuizi kidogo cha grisi. Ikizunguka muda mrefu kama gurudumu la baiskeli lililogeuzwa, grisi imekwisha. Ikikwaruza, beringi imekufa. Alteneta izunguke laini. Pampu ya maji isiyumbe ukiishika na kuitikisa, na chini yake pasiwe na alama kavu za rangi ya kulenti (maji ya kupoza injini), nyekundu, kijani au waridi. Ukiziona, badilisha pampu sasa. Ikianza kumwagika baadaye itaulowanisha mkanda wako mpya. Kwa kompresa, puli ya nje izunguke huru wakati sahani ya mbele imesimama.

Puli ya krenki huigeuzi kwa kidole, itazame tu. Nyingi zimetengenezwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa mpira. Mpira ukichomoza au ukipasuka, kipande cha nje kinahama, na hiyo ni sababu ya mkanda kulika ukingo ambayo watu wengi hawaifikirii.

Kisha weka rula ya chuma kwenye uso wa puli mbili zenye mifereji zilizo jirani. Mifereji ikae kwenye mstari mmoja. Ukiona imepishana kwa jicho, tayari ni nyingi: tafuta washa (ringi bapa ya boliti) iliyosahaulika, maunting (kishikizo) ya alteneta iliyolegea, au puli isiyo ya gari hilo.

Maliza kwa kusafisha mifereji kwa brashi kavu. Kwa wanaopita mara kwa mara Gilgil kuelekea Kariandusi, ule unga mweupe wa machimbo hukaa chini ya mfereji na kuganda. Utoe wote. Usitumie petroli wala oili. Kitambaa kikavu kinatosha.

Hatua ya 7: Tenshona, ibadilishwe au ibaki?

Kama ni ya kujikaza, shika mkono wake na uutikise kushoto na kulia. Usicheze. Ugeuze kwa mpini na uurudishe: usogee kwa upinzani ulio sawa, bila kukwama wala kuruka. Yenye silinda ikiwa imelowa oili, imekwisha, hata kama bado inasukuma. Ukiwa na mashaka na gari limetembea zaidi ya kilomita 150,000 kwa tenshona ileile, mimi ningebadilisha. Kuokoa pesa hapa ni kununua mkanda mwingine kwa awamu.

Ikiwa kasoro ni ya puli tu na mkono ni mzima, puli nyingi huuzwa peke yake. Tahadhari: kwenye baadhi ya gari boliti ya puli ina meno ya kinyume, inafunguka upande wa saa. Ikigoma, thibitisha kwanza. Boliti iliyokatikia ndani itageuza kazi ya asubuhi kuwa ya wiki.

Kutoa tenshona nzima, fungua boliti zake ukikumbuka ipi ndefu na ipi fupi. Kwenye Toyota nyingi za 1ZZ maunting ya kulia ya injini hukaa karibu mno, na mara nyingi inabidi kuifungua na kuinua injini kidogo kwa jeki yenye mbao juu yake ndipo boliti ipate nafasi ya kutoka. Kama hujawahi kushikilia injini kwa jeki, hapa ndipo pa kumwita fundi. Simchukulii mtu vibaya kwa hilo. Mwambie umeshakagua kila kitu na unataka sehemu hii tu. Utalipia saa moja badala ya siku.

Tenshona mpya nyingine huja imebanwa na pini. Iache pini mpaka mkanda uwe umekaa, ndipo uichomoe.

*Umefaulu ukiwa* tenshona imekaa bapa kwenye injini bila nafasi ya karatasi kupita, na puli yake iko mstari mmoja na jirani zake.

Hatua ya 8: Valisha mkanda mpya

Anza chini kwenye krenki, fuata mchoro wako, na umalizie puli ya juu iliyo rahisi kufikia, hasa laini isiyo na kingo. Mkono mmoja unashika mpini wa tenshona, mwingine unatelezesha mkanda. Ukiwa na kijana wa kusaidia, mpe mpini, vidole vya kuvalisha viwe vyako.

Usiupenyeze kwa bisibisi. Ndani ya mkanda kuna nyuzi ndizo zinazobeba nguvu, na bisibisi huzikata bila kuacha alama nje. Mkanda usipofika, ama njia umeikosea ama urefu si wake.

Kisha hili, ambalo nakuomba usiliruke: pitisha ukucha kwenye kila puli yenye mifereji, nyuma na mbele. Hesabu migongo. Mkanda ukikaa umeruka mfereji mmoja, utauona uko sawa kabisa kutoka juu, na utakatika kabla hujafika mbali. Puli ya krenki ndiyo inayonasa wengi, kwa hiyo lala chini uitazame kwa tochi.

Hatua ya 9: Kukaza

Wenye tenshona ya kujikaza, achieni mpini taratibu na mpite hatua ya 10. Kama tenshona ina alama ya mshale, mshale uwe ndani ya eneo lake.

Wengine, hapa ndipo gari zetu nyingi za 1NZ huharibikia.

Mara yangu ya kwanza nilikaza mpaka mkanda ukawa unalia kama uzi wa gitaa ukiugonga. Nilijisifu. Haukutoa kelele hata siku moja. Baada ya miezi miwili alteneta ikaanza kunguruma, kwa sababu nilikuwa nimeivuta beringi yake pembeni mchana na usiku. Mkanda ulibaki mzima, alteneta ikaenda.

Kaza boliti mbili kwa kidole, kiasi alteneta isogee lakini isianguke. Ivute nje kwa mpini wa mbao au chuma kilichofungwa kitambaa, ukiegemeza kwenye sehemu nene ya bodi yake. Alumini nyembamba hupasuka. Ikiwa imevutika, kaza boliti ya 12, ile ya kwenye tundu refu, halafu upime.

Chukua sehemu ndefu zaidi ya mkanda kati ya puli mbili. Weka rula kuvuka puli hizo kama mstari wa kulinganishia. Nasa ndoano ya mizani katikati ya mkanda, uvute mpaka isome kilo 10, usome umbali mkanda uliosogea. Kwa sehemu ya takriban sentimita 30, milimita 10 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kitabu cha gari lako kikitoa namba, hiyo ndiyo inayotawala. Kidole gumba kinaweza kufanya kazi hii kama umeifanya mara mia. Kama ni mara ya kwanza, amini mizani.

Ukitosheka, kaza boliti ndefu ya mhimili. Pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza alteneta.

Hatua ya 10: Washa, kisha uzime

Toa vifaa vyote, hesabu spana. Rudisha tamino ya betri. Washa na usikilize dakika tano bila kugusa chochote. Mkanda uende umetulia kwenye puli, usipepee, usitembee kushoto na kulia.

Zima. Pima mkazo tena, kwa kuwa utakuwa umepungua. Vitabu vya Toyota huhesabu mkanda kuwa mpya ukiwa umezunguka chini ya dakika tano tu, na kipimo cha mpya na cha uliotumika hutofautiana. Tumia sasa kipimo cha uliotumika.

Washa tena na uupe mzigo: taa kubwa, kiyoyozi, feni ya ndani hadi mwisho, usukani hadi kona. Kimya? Pima volti kwenye betri, taa zikiwa zimewashwa: 13.5 hadi 14.5 kwa gari nyingi. Ikiwa chini ya 13 na mkanda hautelezi, tatizo liko ndani ya alteneta.

Rudisha plastiki ya matigadi na vibanio vyake vyote, maana ndiyo inayozuia matope ya barabara za Kiamunyi yasifike kwenye mkanda. Gurudumu, nati kwa mtindo wa nyota, shusha gari ndipo ukaze kwa nguvu. Toyota ndogo nyingi hutaka Nm 103 kwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Siku zinazofuata

Asubuhi ya kwanza yenye baridi ndiyo mtihani. Washa kabla ya redio, dirisha wazi. Baada ya kilomita 200 hivi, mkanda wa kukazwa kwa mkono upimwe tena kwa mizani, injini ikiwa baridi. Ukikuta umelegea kidogo, ni kawaida. Ukikuta umelegea sana, boliti ya 12 haikukazwa.

Ukiona unga mweusi unaanza kujikusanya karibu na puli fulani ndani ya wiki mbili, rudi hatua ya 6 na uanze na puli hiyo.

Mkanda wa zamani, kama ulikuwa umechoka tu bila kukatika nyuzi, ufunge kwa kamba uuweke chini ya tairi la spea pamoja na spana za 12 na 14. Yule wa Njoro anao wake hapo. Juzi alisimama Mau Summit saa mbili usiku akamfungia mwenye Probox aliyekwama na taa ya betri. Mkanda ulimfikisha Molo.